Daftari Chafu Lina Kazi Yake

Wakikutana vijana wa sanaa hapa Kigoma, wawe waandishi, wachoraji au watunzi wa bongofleva, haupiti muda mmoja wao hajatoa simu kuonyesha programu mpya ya kupangia mawazo. Ina mafaili, ina rangi, ina lebo. Ukiyafungua hayo mafaili, mengi ni matupu. Sina ugomvi na programu. Ninachokataa ni haraka ya kupanga kitu ambacho mwenyewe hujakijua bado ni nini.

Mfano tunao humuhumu mkoani. Jane Goodall, Mwingereza mtafiti wa sokwe, alifika msitu wa Gombe Julai 1960. Mchana aliandika alichokiona, jioni akayarudia maandishi yake kambini. Novemba mwaka huo akamwona sokwe aliyempa jina la David Greybeard akichomeka bua la nyasi kwenye kichuguu, akilitoa limeng'ang'aniwa na mchwa, kisha akiwala. Enzi hizo wataalamu waliamini kwamba kutengeneza zana ni kazi ya binadamu peke yake. Angeingia porini na vichwa vya habari vilivyokwisha kupangwa, bua lile angeliweka wapi? Kwenye "Chakula", labda, na habari ingeishia hapo.

Mbunifu naye aandike alichokiona, si anachodhani kitamfaa. "Uvuvi na upweke" ni kichwa tu, hakina kitu ndani. Linganisha na hili: "Kibirizi, alfajiri. Mwenye chombo anahesabu ndoo za dagaa kwa sauti. Kijana wake anahesabu kimyakimya kwa vidole." Hapo kuna watu wawili, kuna shaka, na pengine kuna hadithi nzima. Itakuwa hadithi ya nini, sijui, wala sina haja ya kujua leo. Nimeipa jina, "Vidole vya Kibirizi", maana jina hukumbukwa kuliko namba. Goodall naye aliwapa sokwe wake majina wakati wasomi wengi walipendelea namba.

Utaratibu wangu ni wa kizamani. Kaunta buku moja, kila ukurasa una tarehe na mahali, basi. Mashairi, bei ya mawese, maneno ya kondakta wa daladala la Ujiji, vyote vinakaa pamoja. Jumapili jioni napitia, na kile kinachoendelea kunisumbua nakinakili kwa mkono kwenye daftari la pili, chini ya jina lake. Kunakili huku ndiko watu hukudharau, wakati kwangu ndiko kazi yenyewe inakoanzia: sentensi hubadilika njiani, mambo mawili yasiyojuana hujikuta ukurasa mmoja. Kisichonakiliwa nakiacha kilipo.

Nakiacha, sikichani. Mwaka 1871, David Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi wa Kiskoti, akiwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Manyema, aliishiwa karatasi na wino. Akaandika shajara yake juu ya gazeti kuukuu, akikatiza maandishi yaliyochapwa, kwa wino wa kujitengenezea kutokana na mimea. Baadaye aliyahamishia mambo hayo kwenye kitabu kikubwa kinachojulikana kama Shajara ya Unyanyembe, jina la huko Tabora, nacho Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, akakibeba hadi Uingereza mwaka 1872. Wino wa kwenye gazeti ulififia hata maandishi yakawa karibu hayasomeki. Yalisomwa upya mwaka 2011 kwa picha za mwanga maalumu, na ikaonekana kwamba nakala safi haikulingana kila mahali na ile chafu. Mengine yalibadilishwa, mengine yakaachwa. Nani hafanyi hivyo anaponakili? Ndiyo maana ile chafu isitupwe.

Najua utasema simu inatosha. Kwa picha, sawa, naitumia sana. Lakini ile sauti uliyojirekodia usiku na kujitumia WhatsApp, hebu sema kweli, uliirudia lini? Ukurasa naufunua na kuona mambo kumi kwa jicho moja; sauti lazima niisikilize yote kuanzia mwanzo, na kelele za jikoni nazo zimo.

Kwa anayetaka kuanza, kaunta buku la kwaya mbili linatosha, ila alifunge kwenye mfuko wa nailoni. Masika ya huku hayana huruma na karatasi, na kwenye mtumbwi ndiyo usiseme.