Mhusika asiyetubu hajaanza leo
Mwandishi wa makala anadai riwaya za mapenzi zenye mhusika mkuu katili asiyejuta ni balaa la kizazi cha simu. Mbona Heathcliff wa Wuthering Heights, riwaya ya Mwingereza Emily Brontë, yupo tangu 1847? Alimuoa Isabella, dada wa hasimu wake, kwa kisasi na kunyemelea urithi, akamtesa, na alipokaribia kufa akasema wazi kwamba hajutii lolote. Mimi zinazonikera ni zile ambazo sura ya mwisho jamaa anabubujikwa na machozi ghafla, eti penzi limemponya. Huo ndio uongo wenyewe! Afadhali anayebaki nyoka mpaka mwisho, msomaji anajua anashughulika na nani. Ila wachapishaji waweke onyo mwanzoni kuhusu utekaji na ubakaji, maana yale majalada ya maua hayasemi kitu.