Fountains Abbey: uingie kwa njia ipi?

Kuna njia mbili kubwa za kuyafikia magofu ya Fountains Abbey, abasia (yaani monasteri kubwa) ya kale iliyo kilomita tano hivi kutoka mji wa Ripon, Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Ya kwanza inaanzia kituo cha wageni: unateremka kilima, ncha ya mnara inachomoza kati ya miti, na muda si mrefu uko mbele ya ukuta wa magharibi wa kanisa. Ya pili inaanzia ziwani, upande wa bustani ya Studley. Huku unapita mabwawa yaliyochimbwa kwa umbo la mwezi, sanamu, vihekalu vya kuigiza enzi za Wagiriki na Warumi, mpaka bonde linapinda na abasia inajitokeza kwa mbali, imetulia juu ya ukoka kama picha iliyotundikwa ukutani.

Tiketi ni moja. Lakini aliyepita njia ya kwanza na aliyepita ya pili hurudi nyumbani na historia mbili tofauti, na mabishano yote kuhusu magofu haya, kama ni ya kufurahia au ya kuhuzunikia, yanaanzia hapo.

Kwa msomaji aliyekulia karibu na Peramiho au Ndanda, kwenye abasia za Wabenedikto kusini mwa Tanzania, neno abasia linakuja na sauti ya kengele, karakana, hospitali na mitambo ya uchapaji. Ni mahali penye watu na kazi. Fountains nayo ilikuwa hivyo kwa zaidi ya miaka 400. Ilianza mwaka 1132, wamonaki 13 walipoondoka kwenye abasia ya Mtakatifu Maria mjini York, baada ya mzozo: waliona wenzao wameizoea starehe na kanuni imelegea. Askofu mkuu Thurstan akawapa bonde la mto Skell, ambalo wakati huo lilikuwa pori na mawe. Inasimuliwa kwamba majira ya baridi ya kwanza walijibanza chini ya mti mmoja mkubwa, na njaa ilipobana wakachemsha majani yake. Baadaye wakajiunga na Wasitoo, shirika la wamonaki wa maisha makali, na mambo yakawanyookea pale Hugh, mkuu wa kanisa kuu la York, alipohamia kwao na mali yake.

Waliokimbia starehe wakawa matajiri. Hili ndilo fundo la hadithi nzima, na anayetaka kuwatetea wamonaki asiliruke. Sufu ya kondoo wao iliuzwa kwa wafanyabiashara wa Italia, mara nyingine kabla kondoo hawajanyolewa. Wakulima wa kahawa wa Kagera wanaijua biashara hiyo: ni butura tupu, kuuza zao kabla ya kulivuna. Mwishoni mwa karne ya 13, ugonjwa ulipowapukutisha kondoo, abasia ikajikuta imekula fedha ya sufu isiyokuwepo na ikazama kwenye madeni. Pia Wasitoo walipenda upweke, na pale upweke ulipokosekana wakautengeneza: vijiji kadhaa vya Yorkshire viliondolewa ili ardhi iwe mashamba ya monasteri. Kwa hiyo anayelia kwamba baadaye Mfalme Henry VIII aliwafukuza wamonaki kwenye ardhi yao akumbuke kwamba kuna waliofukuzwa kabla yao.

Halafu kuna mnara. Kanuni ya Wasitoo ilikataza kujenga minara ya mawe ya kengele, kwa sababu ni majivuno. Marmaduke Huby, aliyekuwa abate, yaani mkuu wa abasia, kuanzia 1495 hadi 1526, akajenga mnara wa takriban mita 50, akachonga kwa Kilatini maneno ya kumpa Mungu peke yake heshima na utukufu, na hapohapo akaweka herufi za jina lake. Mimi nikiutazama mnara ule huona vyote viwili: ibada ya kweli, na mzee aliyetaka kukumbukwa.

Miaka kumi baada ya Huby, upande wa waliowapinga wamonaki ukapata nguvu ya dola. Henry VIII alikwishavunja uhusiano na Roma ili amwache mke wa kwanza na kumwoa Anne Boleyn. Mwaka 1536 Bunge likapitisha sheria ya kuzifuta monasteri ndogo, zile zenye mapato ya chini ya pauni 200 kwa mwaka; mwaka 1539 zikafuata kubwa. Wanaoitetea hatua hiyo husema nyumba nyingi zilikuwa zimechoka, zina watu wachache na ardhi kubwa kupita kiasi, na kwamba wamonaki waliosalimisha nyumba zao kwa hiari walilipwa pensheni. Ni kweli, pensheni zililipwa.

Ila tazama hiari yenyewe. Abate William Thirsk alituhumiwa na wakaguzi wa mfalme kwa wizi wa vito vya kanisa na uasherati, akalazimika kujiuzulu. Wakaguzi hao walitumwa na serikali iliyokuwa ikiitolea macho mali ile, kwa hiyo ripoti yao naisoma kama ninavyosoma tathmini ya nyumba iliyoandikwa na mnunuzi. Kaskazini kulipowaka uasi ulioitwa Hija ya Neema, watu wakipinga kufutwa kwa monasteri, Thirsk akahusishwa nao na mwaka 1537 akanyongwa huko Tyburn, London. Mrithi wake, Marmaduke Bradley, alikuwa amekilipia cheo. Novemba 1539 akaikabidhi abasia, akaondoka na pensheni ya pauni 100 kwa mwaka, kiasi ambacho mmonaki wa kawaida hakukiota. Iliyokabidhiwa ilikuwa nyumba tajiri kuliko zote za Wasitoo nchini Uingereza.

Madini ya risasi yaliyoezekea paa yalibanduliwa yakayeyushwa, vioo vikachukuliwa, na mwaka 1540 majengo na ardhi vikauzwa kwa Richard Gresham, mfanyabiashara aliyewahi kuwa meya wa London. Mmiliki wa baadaye, Stephen Proctor, akachukua mawe ya abasia kujengea jumba lake, Fountains Hall. Bado lipo palepale, zuri sana.

Sasa turudi kwenye ile njia ya ziwani. Bustani yake ni kazi ya John Aislabie, Waziri wa Fedha aliyefukuzwa bungeni mwaka 1721 kwa kashfa ya hisa za kampuni ya South Sea. Alirudi nyumbani kwake Studley, akamalizia maisha yake akichimba mabwawa. Alililia gofu la jirani asilipate. Mwanawe William ndiye aliyelinunua mwaka 1767, akafagia kifusi, akasawazisha, akapanda ukoka. Kilimani wakaweka kibanda cha kutazamia ambapo abasia inakutokea ghafla, bondeni, kwa ukamilifu wake. Mahali hapo panaitwa kiti cha Anne Boleyn, kwa sababu palikuwa na sanamu isiyo na kichwa. Yaani ili kulifurahia kanisa lililoangushwa, unaketi kwa jina la mwanamke ambaye kwa ajili yake mfalme alianza kuvunja, na ambaye mwaka 1536 alikatwa kichwa na mfalme huyohuyo. Sijui kama Waaislabie walicheka. Nadhani walicheka.

Ni rahisi kuilaani bustani hiyo kwamba iligeuza msiba kuwa pambo. Lakini bila pambo, gofu lingeendelea kuliwa jiwe moja moja kama machimbo, na ndivyo ilivyotokea kwa abasia nyingine nyingi za Uingereza ambazo leo ni mistari tu kwenye nyasi. Hata UNESCO, ilipoiweka Fountains kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1986, iliorodhesha bustani na magofu pamoja. Aliyeliokoa ndiye aliyelipodoa.

Wapo waliotaka kwenda mbali zaidi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Wakatoliki fulani mashuhuri walipendekeza abasia iezekwe upya na wakabidhiwe Wabenedikto, iwe kumbukumbu ya waliokufa vitani. Mpango ulipingwa ukafa. Nauelewa moyo wake, maana nyumba ya sala iliyoporwa inarudishiwa sala. Lakini kuiezeka kungefuta ushahidi wa uporaji wenyewe. Ukuta usio na paa unasema kilichotokea 1539 vizuri kuliko bango lolote la maelezo, na National Trust, shirika la kuhifadhi urithi ambao wanaimiliki tangu 1983, nadhani wako sahihi kuuacha ulivyo.

Ninachowalaumu, kwa upole, ni kwamba matangazo ya Fountains hupenda mno ile picha ya bustanini. Kilichonishika mimi kiko upande wa magharibi: ghala refu la zaidi ya mita 90, dari lake la matao bado zima, nguzo zikifuatana mpaka macho yanachoka. Hapa ndipo sufu na chakula vilipowekwa, na upande mmoja walikula mabruda, wale wasiosoma Kilatini, waliochunga kondoo na kubeba mzigo wote wa utajiri ule. Walilala juu yake. Vyoo vyao vilikuwa mwishoni, juu ya mto Skell, na maji yakazoa kila kitu. Upande mwingine wa ua kuna chumba cha kuotea moto, chenye jiko kubwa la ukutani, na juu yake chumba cha hati: waliwasha moto wakati wa baridi, na joto lilelile likakausha mikataba ya ardhi. Wamonaki wakipasha vidole chini, mali ikihifadhiwa juu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni wa miguu tu. Ingia kwa juu, upande wa kituo cha wageni, uanzie ghalani. Keti kidogo kwenye ubaridi ule, popo wako juu kwenye matao. Pita kanisani, chini ya mnara wa Huby, ndipo ufuate mto kuelekea bustanini. Kiti cha Anne Boleyn utakifikia mwishoni, umechoka, na ukigeuka kutazama nyuma utakuwa unajua pale chini jiko liko wapi.