Je, Perpetua alikuwa mfuasi wa Montano?

Vibia Perpetua aliuawa Karthago, katika Tunisia ya leo, tarehe 7 Machi 203, akiwa na miaka 22 hivi na mtoto angali ananyonya. Aliuawa pamoja na mtumwa Felisita, Saturus aliyejisalimisha mwenyewe, na wenzao. Wasomi wanabishana hadi leo kama kundi hili lilimfuata Montano, nabii wa Frigia, katika Uturuki ya leo, aliyedai kuwa Roho Mtakatifu anatoa unabii mpya, na ambaye Kanisa lilimkataa.

Wanaosema ndiyo huanzia utangulizi wa masimulizi ya kifo chao, ambao unatetea waziwazi maono mapya kwa maneno ya nabii Yoeli. Huongeza njozi ya Saturus: askofu Optatus na padre Aspasius wanawaangukia mashahidi miguuni wakiomba wapatanishwe, kana kwamba mashahidi wako juu ya viongozi wa Kanisa.

Hoja hizo si nyepesi. Lakini masimulizi hayo yana sura 21 zenye waandishi tofauti: sura ya 3 hadi ya 10 ni za Perpetua mwenyewe, ya 11 hadi ya 13 za Saturus, na zilizobaki za mhariri. Ukizisoma kama sauti moja, unamtwika Perpetua mawazo ya mhariri. Katika sura zake Montano hatajwi, wala manabii wake wa kike, Priscilla na Maximilla. Kuna gereza lenye giza na joto. Mashemasi Tertius na Pomponius wanawahonga askari ili wafungwa wapumzike kwa saa chache mahali penye nafuu, naye Perpetua anamnyonyesha mwanawe aliyelegea kwa njaa. Baba anamsihi aikane imani. Perpetua anamwonyesha mtungi na kumwuliza kama mtungi huo waweza kuitwa jina lingine. Yeye pia hawezi kuitwa ila Mkristo.

Hata njozi ya Saturus inawapinga wanaosema ndiyo. Mashahidi wanashtuka kuona askofu miguuni pao, wanamwambia, “Wewe si baba yetu?” Aliyejitenga na Kanisa hasemi hivyo.

Tena Kanisa halikuwatupa: Augustino, askofu wa Hippo, alihubiri siku ya sikukuu yao, na majina ya Perpetua na Felisita yamo katika Sala ya Ekaristi ya Kwanza, moja ya sala kuu za Misa ya Kikatoliki. Hata hivyo Augustino alikuwa mwangalifu. Perpetua alimwombea mdogo wake Dinocrates, aliyekufa na miaka 7 kwa ugonjwa wa uso, kisha akamwona amepona. Wengine walipoitumia habari hiyo kudai kuwa wasiobatizwa huokoka, Augustino alijibu kwamba masimulizi hayo si Maandiko Matakatifu, na kwamba huenda mtoto alikuwa amebatizwa.