Harley siyo stika ya mapenzi

Juzi hapa Mtwara nimepanda bajaji Chikongola naenda Ligula, nyuma ya kiti cha dereva kuna stika kubwa, Joker, yule adui wa Batman kwenye katuni, kamkumbatia mwanamke wake Harley Quinn, chini imeandikwa MAPENZI YA KWELI. Nikamuuliza kaka, stori yao unaijua? "Dada, si wanapendana hao mpaka uchizi." Nimeshuka roho inaniuma.

Jamani, Harley alikuwa daktari! Mwandishi wa katuni Paul Dini alimwona rafiki yake mwigizaji Arleen Sorkin kwenye tamthilia kavaa nguo za kuchekesha, wazo likamjia, mwaka 1992 yeye na mchoraji Bruce Timm wakamtia Harley kwenye katuni ya Batman ya kwenye TV, kibaraka tu wa Joker. Alikotoka tumekuja kukujua 1994, kwenye kitabu cha katuni cha hao hao wawili: Dk. Harleen Quinzel, daktari wa magonjwa ya akili, Joker ni mgonjwa wake. Jamaa akamsoma, akampa stori za baba aliyekuwa anampiga utotoni, binti wa watu akamwonea huruma, huruma ikageuka mapenzi, kazi ikaota mbawa. Na zile stori kumbe Joker kila mtu anampa ya kwake tofauti!

Halafu siku Harley amemnasa Batman mwenyewe, kitu kilichomshinda Joker miaka yote, malipo yake kasukumwa dirishani na Joker huyo huyo. Yuko kitandani mabandeji mwili mzima anasema basi, imetosha, anageuza macho anaona ua moja na kikaratasi cha pole. Kwisha. Anatabasamu.

Hapo huwa nashindwa kuendelea, maana dada yangu wa Lindi nimemwona hivyo hivyo. Jicho limevimba halifunguki, mapajani doti ya kanga mpya bado ina ule ugumu wa dukani, anaipapasa ananiambia "mdogo wangu, ana hasira tu, ila ananipenda." Mwalimu huyo, msomi. Harley anapendwa kwa sababu kila mtu ana wake nyumbani. Sawa, zile rangi zinavutia, na sauti ya marehemu Arleen, aliyemwigizia Harley kwenye katuni, ilikuwa tamu, sikatai, ila mtu halii kwa ajili ya rangi.

Na Harley aliondoka jamani! Mwaka 2000 akapata kitabu cha katuni chake mwenyewe, akaanza kuishi bila yule mwanaume. Hiyo ndo stika ninayoitaka kwenye bajaji za Mtwara. Dada naye alirudi nyumbani msimu wa korosho uliopita, na ile kanga sasa hivi anadekia.