Mama John, geuka watu wakuone

Naandika haraka kwa sababu rafiki yangu mwalimu wa kemia keshaeneza kwamba nilihubiri kwenye daladala mpaka nikalia. Sikulia. Wala sikulala, macho yalikuwa wazi kabisa, muulizeni konda.

Baridi ya Uyole, Mbeya, mwezi wa saba mnaijua, na vikao vya harusi mnajua vinavyoisha saa ngapi. Nimetoka kikaoni usiku wa manane, alfajiri nimo kwenye Hiace ya Kabwe, nimebanwa dirishani. Ile hali ikanijia: barabara naiona, malori ya Tunduma nayaona, ila juu yake kumetandazwa ukumbi mzima, viti vina vitambaa vyeupe, na MC ni mimi.

Konda akapaza: "Mama John! Mama John wapo?"

(Wa Dar, hicho ni kituo. Wa Mbeya, acheni kucheka, bado.)

Hapa twende polepole. Kwangu mimi Mama John ni mama mzazi wa bibi harusi, ameshaitwa, na wa kumtambulisha ni mimi. Nikainuka. Paa likanigonga utosini, wala halikunizindua. Mbele yangu mama mmoja naye kainuka na ndoo yake ya viazi, anataka kushuka. Nikamshika mkono. "Itifaki imezingatiwa! Mama John huyu hapa! Mama, geuka watu wakuone!"

Akageuka. Jamani, akageuka! Angekataa yangeishia pale. Bibi mmoja wa siti ya nyuma akapiga kigelegele, "Ndaga fijo!" (asante sana kwa Kinyakyusa), nami nikapata moto: "Mimi na familia yangu tunaahidi ng'ombe!"

Konda akanitazama. "Mheshimiwa, ng'ombe baadaye. Nauli."

Ukumbi ukazimika. Nikalipa, nikashuka, Kabwe nikaenda kwa mguu.

Mwalimu ananifariji eti Kekulé, mkemia wa Kijerumani, naye alizama hivyohivyo juu ya basi la farasi kule London, akaona atomu zinacheza, mpaka konda aliponadi "Clapham Road!" ndipo akazinduka, mwaka 1890 akayasimulia mwenyewe Berlin mbele ya watu. Haya. Ila mwenzangu aliondoka na jinsi kaboni zinavyoshikana mnyororo, mimi nina nundu. Tena mwalimu huyohuyo ndiye mhasibu wa kamati yetu, na keshaituma orodha ya ahadi kwenye grupu. Jina langu liko juu kabisa: ng'ombe 1, hajawasilisha.