Bondia asiyeanguka ndiye wa kuangaliwa

Kwenye klabu za ndondi za Kampala, Naguru mpaka Katwe, bondia akilala chini kwa nokauti watu wote wanamkimbilia. Kanuni za ndondi za ridhaa nazo zimezoea kumweka nje siku zisizopungua 30. Sawa kabisa. Lakini yule anayekula makonde ya kichwa kwenye sparingi, yaani pambano la mazoezi, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, akaona nyota kidogo na kuendelea, hana anayemhesabia. Kwa maoni yangu hapo ndipo tunapowaharibu vijana wetu.

Konde likifika, kichwa hugeuka ghafla, ubongo unachelewa kidogo kukifuata, na nyuzi nyembamba za neva zinavutika. Helmeti ya sparingi huzuia nyusi kupasuka. Ubongo utazunguka ndani vilevile. Picha ya CT, ya kichwa inayopigwa hospitalini, huonyesha damu iliyovuja au fuvu lililopasuka, si nyuzi zilizovutika, kwa hiyo ikitoka safi, kocha asiichukue kama ruhusa ya kurudi ulingoni. Madhara ya miaka mingi si habari mpya: daktari Mmarekani Harrison Martland aliandika juu ya mabondia wenye kuyumba na kuchanganyikiwa mwaka 1928.

Dalili za ubongo kutikisika ni kichwa kuuma, usingizi kuvurugika, mwanga kuumiza macho, kusahau, hasira zisizo na sababu. Watu wazima wengi hupona ndani ya wiki 2 hivi. Zikipita wiki 4, atafutwe daktari. Shida ya hapa kwetu ni kwamba kichwa kikiuma na mwili ukichoka, mtu hukimbilia dawa za malaria. Pima kwanza, na kipimo kikitoka hasi, mwambie mhudumu wa afya waziwazi kwamba unapigwa kichwani.

Kumpima bondia, kocha anahitaji daftari tu. Bondia akiwa mzima, mtajie maneno matano, kwa mfano embe, kiti, mvua, sabuni, ndege. Mwambie ataje miezi kuanzia Desemba kurudi nyuma, kisha asimame kwa mguu mmoja, macho yamefumbwa, mikono kiunoni, sekunde 20. Zikipita dakika tano, ayarudie yale maneno. Andika alivyofanya. Siku akipigwa vibaya, rudia kwa lugha ileile, Kiganda au Kiswahili, ulinganishe. Ila akifaulu huku anasema kichwa kinauma, bado anatolewa mazoezini. Jaribio halishindi dalili.

Saa 24 hadi 48 za kwanza apumzike, ingawa si kufungiwa gizani: atembee, afanye kazi nyepesi, apunguze simu, asinywe pombe wala kuendesha boda. Baadaye aanze mbio za polepole, halafu kivuli, yaani kurusha ngumi hewani peke yake, halafu begi na padi zinazoshikwa na kocha. Kila hatua ichukue angalau saa 24, na dalili zikizidi arudi hatua moja nyuma. Sparingi ni ya mwisho, tena baada ya daktari kukubali.

Na sparingi ya nguvu mara moja kwa wiki inatosha. Siku nyingine kuna kazi tele ya miguu, begi na mbinu bila kugusa kichwa.

Akitapika tena na tena, akipata degedege, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, mkono ukilegea, au usingizi ukimzidi hata haamki vizuri, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana, na mtu wa klabu afuatane naye aeleze alivyopigwa.