Kalamu ya mpingo: weusi wake na vumbi lake

Wakereza kalamu, yaani wanaozichonga kwa mashine inayozungusha kipande cha mbao, hawajakubaliana kama inafaa kutumia mbao zenye sumu kwa ajili ya rangi tu. Kwetu zinazotajwa sana ni mpingo na mvule. Wanaozitetea wana hoja: kalamu ikishapakwa tabaka kadhaa za supaglu nyepesi, mwandishi hagusi mbao yenyewe. Tena kipande cha milimita 20 kwa 20, urefu sentimita 13, kina vumbi gani mbele ya seremala wa milango?

Hapo kwenye vumbi ndipo hoja inapolegea. Patasi kali hutoa maranda yanayoanguka chini. Msasa namba 400 hutoa unga unaoelea puani mwa mtu aliyeinamia mashine. Na aliyekwisha kupata mzio wa mpingo hahitaji vumbi jingi: kidogo tu humletea upele au kubanwa kifua. Barakoa ya kitambaa haizuii unga huo. Itafutwe ya N95, na isivuliwe mpaka meza ipanguswe kwa kitambaa chenye maji.

Unga huohuo huharibu hata kazi. Ukiunganisha mpingo na mchungwa, ulio mgumu na wa manjano hafifu, weusi huingia kwenye vinyweleo vya mchungwa na kuutia kijivu. Kwa hiyo fika karibu na kipimo kwa patasi, ziba vinyweleo kwa supaglu, kisha zima mashine na upige msasa kidogo, kwa kufuata urefu wa kalamu.

Kiungio nacho kina masharti. Mpingo una mafuta: ufute kwa asetoni, na ukikauka tu paka gundi ya epoksi, ubane hadi kesho yake. Ukitoboa tundu la milimita 7, chomoa biti kila baada ya milimita 5 hivi, maana joto hupasua mpingo na kulegeza gundi. Mwishoni hubaki mbao isiyofika milimita 1 juu ya bomba la shaba linaloingizwa tunduni. Kiungio kilichoteleza hakifichiki.

Mvule ningeuacha. Vumbi lake huwasha ngozi na kifua, na kahawia yake inapatikana kwingine. Weusi wa mpingo hauna mbadala wa karibu, lakini si lazima uuunganishe na mti mwingine: kati ya gamba na kiini chake kuna sehemu nyeupe ambayo wachongaji wengi huitupa. Pasua kipande chenye weupe huo na weusi wa kiini kwa pamoja, upate rangi mbili bila gundi.